Uzi uliolala kwenye rundo la mitumba

Kuna hesabu ambayo mfumaji huiahirisha mpaka siku pesa inapokaza. Sweta la mtu mzima la unene wa kati hula gramu 500 hadi 600 za uzi. Kwa mabonge ya gramu 50, hayo ni kumi mpaka kumi na mawili. Zidisha kwa bei ya duka la nyuzi la mtaani kwako, halafu pita gulioni uulize bei ya sweta zima la mtumba, lenye mikono, kola na vifungo vyake. Karibu kila mara mtumba unashinda, na hapo bado hujahesabu saa arobaini au zaidi za vidole vyako. Anayesema anafuma sweta la mtu mzima kwa uzi mpya ili kubana matumizi, ama hajapiga hesabu, ama anapenda tu kufuma na anatafuta kisingizio. Kisingizio si dhambi, ila kisikuingize kwenye daftari la deni la mwenye duka.

Bei ya uzi mpya haipandi kwa hiari ya muuza duka. Uzi mwingi tunaouita wa sufu si sufu, ni akriliki, na akriliki inatokana na mafuta ya petroli. Mafuta yakipanda au shilingi ikilegea mbele ya dola, bonge nalo linapanda. Pamba tunalima wenyewe, Simiyu, Shinyanga na Mwanza, lakini sehemu kubwa inatoka nchini ikiwa pamba iliyochambuliwa tu, kwa hiyo bonge la uzi wa pamba dukani nalo mara nyingi limekuja na meli. Ndiyo maana mfumaji wa nyakati ngumu anahamisha macho kutoka kwenye rafu na kuyapeleka kwenye rundo. Sweta la mtumba ni mabonge kumi ya uzi yaliyoshonwa pamoja. Kazi ni kuyafungua.

Jambo hili si geni wala si aibu ya maskini. Uingereza ilipoanza kugawa nguo kwa kuponi tarehe 1 Juni 1941, uzi wa kufumia uliingizwa kwenye kuponi nao: kuponi moja kwa aunsi mbili, yaani gramu 57 hivi. Nguo zilizokwisha kuvaliwa hazikudaiwa kuponi. Watu wakafumua. Huku kwetu Tanzania waliopitia miaka ya mwanzo ya 1980, kabla ya milango ya biashara kufunguliwa kidogo mwaka 1984 na mitumba kumiminika, wanajua sweta la mtoto mkubwa lilivyogeuka la mdogo wake, kisha kofia, kisha soksi, bila uzi mpya hata wa kushonea kifungo.

Sasa rundo lenyewe. Uzi mzuri haukai kwenye masweta yaliyotundikwa kwenye hanga. Hayo yamechaguliwa balo lilipofunguliwa asubuhi, na bei yake ni ya kuvaa. Gikomba, Nairobi, mzigo wa kwanza huitwa kamera na mabaki huitwa fagia. Mfumaji ni mteja wa fagia. Kwetu ni lile rundo la chini, la jero jero au buku buku (shilingi mia tano au elfu moja kila nguo), linalouzwa jua likishazama. Sweta lenye doa la rangi kifuani, zipu iliyokufa, kiwiko kilichotoboka, au la ukubwa ambao hakuna mtu wa kulivaa, halina thamani kwa mvaaji ila kwako ni zima. Tena kubwa ndiyo nzuri: unene wa mwenye nguo ni gramu zako. Usimwambie muuzaji unataka kufumua. Mwonyeshe tundu, mwambie, "Dada, hili nitalivaaje?" Akipunguza, chukua mawili.

Kabla ya kulipa, ligeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Hapa ndipo pesa inapopotea au kupona, na wengi wanaoanza huruka hatua hii. Mshono mzuri ni ule ambao kila kipande kimefumwa kivyake mpaka kwenye ukingo wake, kisha kingo mbili zikaunganishwa kwa uzi mmoja. Ukizitanua kwa vidole gumba unaona uzi mmoja unakatiza kama vidato vya ngazi, na kila upande una ukingo laini uliojifunga wenyewe. Mshono mbaya ni wa ovaloki: kitambaa kilifumwa kama jora, kikakatwa kwa mkasi, kisha ukingo ukazungushiwa nyuzi nyembamba tatu au nne ili usichanike. Sweta la namna hiyo ukilifumua, kila mstari unatoka peke yake. Mstari hula uzi wa mara tatu hivi ya upana wake, kwa hiyo mbele yenye upana wa sentimita 50 itakupa vipande vya mita moja na nusu, mamia yake. Hicho si uzi, ni takataka. Rudisha, hata kama ni sufu safi ya kuvutia.

Angalia pia mabegani na kwenye shimo la mkono. Yapo masweta yenye ubavu mzuri lakini begani yamepitishwa ovaloki. Hayo yanafaa, utapoteza sentimita chache za juu tu. Kisha likamate kwa mikono miwili ulivute. Vitanzi visipoachana, sweta limesinyaa: lilikuwa sufu, likafuliwa kwa maji ya moto, nyuzi zikashikana kama blanketi, na hakuna mkono wa binadamu utakaozifungua. Sweta la manyoya marefu, la mohea (manyoya ya mbuzi wa Angora) au la akriliki iliyochanwa ikasimama, linafumuka kwa shida. Manyoya ya mstari mmoja yamekumbatia ya mstari wa pili, na kila baada ya mita mbili unasimama na mkasi. Kwa anayeanza, aliache. Lenye nyuzi za kumetameta nalo aliache, maana ule uzi wa kung'aa ni dhaifu na hukatika ndani ya uzi mwenyewe.

Lebo ikiwepo, soma. Ikiwa imekatwa, chomoa uzi wa sentimita tano, ushike kwa koleo juu ya bakuli la maji, uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto hujizima wenyewe ukiondoa kiberiti, na majivu hupondeka kwa vidole. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha tone gumu jeusi. Mchanganyiko hutoa dalili mbili kwa pamoja. Huu si udadisi wa bure. Nyumba za Njombe, Makete na Lushoto zinaota moto jioni kwa baridi, na Limuru kule Kenya vilevile. Akriliki ikishika cheche inamshikia mtoto kwenye ngozi ikiwa majimaji ya moto. Kwa mtoto anayetambaa karibu na jiko la mkaa, sufu ndiyo ya kutafuta, hata kama ni ya rangi isiyopendeza.

Nyumbani, lifue kwanza likiwa zima. Kama ni sufu, lianike juani mchana kutwa ukiligeuza na kulikung'uta, kwa sababu wadudu wanaokula sufu husafiri na mtumba. Toa vifungo, zipu na lebo. Vifungo ni mali, vitie kwenye kopo. Kisha tafuta ule uzi wa kuunganishia. Mara nyingi ni mnyororo wa aina ileile inayofunga gunia la unga: ukikata upande usio wake unahangaika nukta kwa nukta, ukipata upande wake unavuta mara moja na mshono wote unaachia. Kama hauachii, jaribu kutoka ncha ya pili. Tumia mkasi mdogo wenye ncha, si wembe. Wembe hauchagui uzi wa kushonea na uzi wa sweta, na kila kitanzi ulichokikata kwa bahati mbaya ni fundo utakalolifunga baadaye. Anza na kola, kisha mbavu, kisha mikono, mwisho mabega. Ukimaliza una vipande vinne na kola.

Uzi hufumuka kutoka pale mfumaji alipomalizia, siyo alipoanzia. Masweta mengi ya mashine yalianzwa chini, kwenye pindo la kubana, yakaishia juu. Kwa hiyo anzia begani na shingoni, na kwa mkono anzia kule unakoungana na bega. Ukivuta uzi wa chini kwenye pindo utapata mkwamo, utafikiri sweta limeharibika, kumbe umeshika mkia badala ya kichwa. Kipande cha mbele kina shingo iliyopinda, na hapo mabega mawili yamefumwa mbalimbali, basi utapata vijiuzi kidogo kabla ya kufika kifuani ambako mstari unakuwa mmoja na uzi unatiririka. Kazi ya kroshia ni kali zaidi: inafumuka kutoka kitanzi cha mwisho tu, basi. Ukikosa kitanzi hicho, usijisumbue kutafuta njia nyingine.

Usizungushe bonge moja kwa moja. Uzi uliotoka kwenye sweta umejikunja kama tambi, na ukiubana kwenye bonge unabaki hivyo na tena unavutika kupita kiasi. Pindua stuli miguu juu, uzungushie uzi kwenye miguu minne bila kukaza. Pima mzunguko mmoja kwa futi ya fundi. Miguu ikiachana sentimita 35, mzunguko ni sentimita 140, kwa hiyo mizunguko mia moja ni mita 140. Hapo hapo umeshapata kipimo ambacho mabonge mengi ya dukani hayakwambii. Funga shada, yaani huo uzi uliozungushwa, sehemu nne kwa vipande vya uzi wa rangi nyingine, vikipishana katikati ya shada kwa umbo la nane, vikiwa vimelegea. Asiyefunga sehemu nne atakutana na fujo baada ya kufua, na fujo ya mita mia nne ni jioni tatu.

Kuondoa mikunjo kunategemea uzi. Sufu na pamba, loweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, bonyeza bila kusugua wala kukamua kwa kusokota, suuza kwa maji ya joto lilelile. Maji ya moto yakifuatiwa na ya baridi, pamoja na kusugua, ndiyo yanayosinyaza. Maji ya klorini ya kung'arishia mashuka usiyasogeze karibu na sufu. Yanaila mpaka iishe. Tundika shada kivulini kwenye fimbo, chini yake ning'iniza chupa ya maji ya nusu lita, na kila saa moja lizungushe ili fimbo isiache kona. Akriliki haijali kulowekwa, itatoka na mikunjo yake vilevile. Hiyo ipitishe juu ya mvuke wa sufuria, umbali wa shibiri moja, sekunde chache tu, ukiigeuza. Ikikaribia zaidi inalegea na kufa: inakuwa ya kuteleza, bila mnyumbuliko, na sweta litakalotoka hapo litaning'inia kama gunia. Mvuke ukikuogopesha, fuma na mikunjo yake. Ukishafua kazi yako mara mbili itajipanga. Lakini usipimie kipande cha majaribio kwa uzi uliokunjamana, maana unadanganya. Utahesabu vitanzi 20 kwa sentimita 10, na baada ya kufua vitakuwa 18, na kofia ya mtoto mchanga itamtosha kaka yake.

Sweta lenye uzito wa gramu 500 kwenye mizani litakupa kama 400 za uzi wa kufanyia kazi. Nyingine zimekwenda na mishono, vipande vya shingoni na viwiko vilivyochakaa. Viwikoni na kwapani usiwe na huruma: ukivuta uzi kwa vidole ukakatika kirahisi, kata sehemu yote hiyo. Uzi dhaifu ukiuficha utakatikia kifuani.

Tatizo linalofuata ni wembamba. Mashine hufuma uzi mwembamba kuliko tuliouzoea, na mara nyingine kinachoonekana uzi mmoja ni nyuzi tatu au nne zilizolala pamoja bila kusokotwa. Zifumue zote pamoja, usizitenganishe. Kupima unene, zungushia uzi kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, uhesabu ndani ya sentimita mbili na nusu. Mizunguko 11 au 12 inataka sindano za milimita 4. 9 au 10, milimita 4.5 hadi 5. Ikifika 15 na kuendelea, shika milimita 3 au unganisha nyuzi mbili. Kuunganisha rangi mbili tofauti, tuseme kijivu na bluu, kunatoa uzi wa madoadoa unaoficha tofauti za masweta uliyochanganya. Ni ujanja wa zamani, na bado hakuna ulioushinda.

Sindano zenyewe zinaweza kutoka bure. Watoto wengi walianzia kwenye spoku za baiskeli, na wengi waliacha kufuma kwa sababu ya spoku hizohizo. Spoku ina unene wa milimita 2 hivi. Uzi wa sweta ukiufuma humo unakaza kama boksi, vidole vinauma na uzi unaliwa kupita kiasi. Spoku ni ya soksi na uzi mwembamba, ikichongwa ncha kwenye jiwe na kulainishwa kwa msasa. Kwa uzi wa kati, tumia mwanzi mkavu, uleule ambao jamaa zetu wa Iringa na Njombe wanaugema pombe ya ulanzi ukiwa bado mchanga. Kata sentimita 30, pasua, chonga kwa kisu, lainisha kwa msasa mnene kisha mwembamba. Toboa bati kwa msumari wa inchi nne, upate tundu la karibu milimita 4, upitishe sindano humo kutoka ncha hadi ncha: inapokwama, ongeza msasa. Malizia kwa kusugua nta ya mshumaa. Mwanzi mbichi usiuguse. Ukikauka unapinda na kutoa vibanzi vinavyonasa uzi.

Sasa, uzi huo ufume nini? Kofia ya mtoto mchanga inataka gramu 30 hadi 40. Seti ya sweta, kofia na soksi kwa mtoto wa chini ya miezi sita, gramu 150 hadi 180. Sweta la mtoto wa miaka miwili au mitatu, 200 hadi 250. Blanketi la sentimita 75 kwa 90, tenga 400. Kwa hiyo sweta moja la mzee mnene linavisha watoto wawili wachanga kutoka kichwani hadi miguuni na chenji inabaki. Hapo ndipo hesabu ya mwanzo inageuka na mfumaji anaanza kushinda. Ukitumia kroshia, ongeza karibu theluthi, kwa sababu kila kitanzi cha kroshia kimezungushwa mara nyingi zaidi. Mitindo ya misokoto kama ya kamba inakula uzi; mitindo ya matundutundu inaokoa. Vile vitambaa vya makochi vya viwanja na maua, vilivyojaa sebule za Waswahili na wasio Waswahili kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, ni werevu wa hesabu pia: nusu ya kitambaa ni hewa.

Kwa mtoto anayekua, anzia shingoni ushuke. Mtoto hurefuka haraka kuliko anavyopanuka. Sweta lililofumwa kutoka juu unalifungua pindo na mikono mwaka unaofuata, unaokota vitanzi, unaongeza sentimita tano kila mahali, unafunga tena. Kwa mtoto wa miaka mitatu nyongeza hiyo ni gramu 50 hivi. Tenga uzi huo mapema na, hili ndilo linalosahaulika, kila unapofua sweta, ufue nao ukiwa shadani. Uzi uliokaa kabatini mwaka mzima hauna rangi moja na sweta lililopigwa na jua la kamba ya nguo, na kila mtu ataona mstari ulikoongezwa.

Masweta ya watoto wachanga yasiwe na kamba ya kufunga shingoni, weka kifungo. Matundu ya mtindo yasiwe makubwa kiasi cha kupitisha kidole cha mtoto, maana kidole kinaingia na kunyongwa na uzi.

Mahali ambapo uzi wa sweta unashindwa kabisa ni rangi. Sare ya shule inataka rangi kamili, na rundo halikupi unachotaka, linakupa lilicho nacho. Sufu unaweza kuipika na majani ya chai ikawa kahawia hafifu, ukianza na maji ya uvuguvugu, ukipandisha moto taratibu na kuiacha ipoe humohumo. Akriliki haishiki chai wala ile rangi ya unga ya kuchovya pamba, utapoteza kuni. Basi sare fuma kwa uzi mpya, na ununue wote siku moja. Najua ndicho kitu kigumu kuliko vyote kwa mwenye pesa ya kuokoteza. Uvutio mkubwa wa kufuma wakati wa dhiki ni kwamba unanunua bonge leo na bonge wiki ijayo, lakini mtambo hupika rangi kwa mafungu, na bluu ya fungu moja si bluu ya fungu lingine hata kama jina ni lilelile. Angalia namba ya fungu kwenye karatasi ya bonge. Zikitofautiana, fuma mistari miwili kwa bonge hili na miwili kwa lile, kwa urefu wa sentimita kumi, jicho halitashika. Au badilisha pale pindo linapoishia na mwili kuanza, ambapo jicho linategemea mabadiliko.

Kabla uzi haujaisha, kumbuka mstari unakula mara tatu ya upana, na kufunga mwisho kunataka mara nne. Ukibakiwa na uzi wa mara tano, acha kufuma, funga. Mikono miwili ya sweta igawie uzi kwa mizani kabla ya kuanza, la sivyo mmoja utafika kiganjani na wa pili utaishia kwenye kiwiko.

Kuunganisha nyuzi: sufu unalowesha ncha mbili, unazipishanisha sentimita saba na kuzisugua viganjani mpaka zishikane, hakuna fundo. Akriliki haishikani hivyo. Pishanisha, fuma nyuzi mbili pamoja kwa vitanzi vinane. Mafundo ya katikati ya mstari ndiyo yanayotoboa soksi na kumkwaruza mtoto.

Wengine watauliza biashara. Seti ya mtoto inachukua kama saa 15 kwa mkono uliozoea. Tuseme uzi ulikugharimu shilingi 6,000 ukauza seti 15,000. Kilichobaki ni 9,000, yaani 600 kwa saa nzima ya vidole na macho. Ile kanuni ya kuzidisha bei ya uzi mara mbili au mara tatu inamuumiza anayetumia uzi wa rundo, maana uzi wake ni rahisi lakini saa zake ziko palepale, tena ameongeza saa nne za kufumua na kufua. Hesabu saa kwanza, uzi baadaye. Na mteja wa kuagiza atoe malipo ya awali yanayofidia uzi wote. Vitambaa vya makochi vya kulipwa mwisho wa mwezi vimewafilisi wafumaji wengi kuliko bei ya uzi.

Kununua balo zima la masweta, kwa kawaida kilo 45, kwa kikundi cha watu kumi kunasikika vizuri kwenye kikao. Sikushauri. Hujui ndani kuna ovaloki ngapi, na mtakuwa mmegeuka wachuuzi wa mitumba bila meza wala wateja. Fanyeni upatu wa kawaida, kila mtu achambue rundo lake. Tena chanzo hiki kina mwenyewe. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaifungia nafuu ya ushuru kwa nguo zake. Kikaratasi kimoja cha forodha kinaweza kulifanya rundo la buku buku liwe la kuvaa tu.

Ukimwona mama wodini, pembeni ya kitanda cha mgonjwa, akifuma kitu cha mraba kisicho na jina, usidhani anafuma blanketi. Huenda atalifumua kesho. Fundi cherehani akikosea mkasi, kitambaa kimekwenda, na pesa ya kitambaa imekwenda nayo. Seremala vilevile na ubao. Mfumaji akikosea anavuta uzi na mtaji wake wote unarudi mkononi, umekunjamana kidogo. Kazi inashikika kwenye foleni ya kliniki, kwenye daladala iliyokwama, umeme ukikatika, kwa maana mistari isiyo na mtindo vidole vinaifuma gizani. Ni kazi chache zinazomruhusu mtu ajaribu bila kulipia kosa, na mwezi ukiwa mgumu ruhusa hiyo ina thamani yake.

Uzi wa akriliki unavumilia kufumuliwa mara kadhaa. Sufu huvumilia mara pungufu, kisha inaanza kumomonyoka. Ukifika hapo, vipande virefu kuliko mkono gawa mafungu matatu, suka kama nywele, zungusha duara la ukubwa wa kichwa na ushone kwa uzi wa gunia: unapata kata ya kubebea ndoo, laini kuliko ya majani ya mgomba. Vifupi zaidi, jazia mto.